Plasta ya Chumbani Kwetu

Mama watoto, kipenzi changu,

Mimi mzima, na huku saiti ninakokagua majengo nimekuwa simba. Nikigonga ukuta kwa mpini wa nyundo, mafundi wote wananipisha. Jana nilibomolesha plasta ya ghorofa nzima!

Umeniandikia kwamba fundi wetu "ana mkono mwepesi na maneno matamu." Mke wangu, plasta ya chumba kimoja ni siku mbili. Yeye yuko wiki ya tatu, tena chumbani kwetu! Anapiga plasta au anapiga soga?

Basi gonga ukuta. Ukuta ukilia kama mtungi mtupu, plasta haikushika, mfukuze. Ukiwa imara, msifu kidogo, halafu mfukuze upesi zaidi. Fundi mbovu simwogopi.

Wabusu watoto.

Wako mwenye roho juu,
Baba watoto