Bolti Nne za Usukani

Jumatatu, 2 Juni

"Nunua mpya, dada. Bolti za kutu ni za jaani." Ndivyo alivyosema mdogo wangu, mbele ya Mama. Upuuzi! Bolti za pikapu ya marehemu Baba hazitengenezwi tena. Na kutu ni ya juu tu: inavuliwa kwa tindikali, chuma kinavishwa zinki, basi. Nikamweleza hayo, na mengine. Akasema mimi hata chumvi naiomba kwa makala. Mama akacheka.

Mama hana hoja nyingi. Aliletwa nyumba hii akiwa bibi harusi kwa pikapu ile; Jumapili, akihamia kwa mdogo wangu, ataondoka nayo.

Jumatano, 4 Juni

Kwa fundi wa kuchovya vyuma kwenye zinki. Mapipa, nyaya, harufu inayokwaruza koo. Bawaba na komeo za pikapu zimetoka ziking'aa kama vijiko vipya. Lakini bolti nne za usukani akanizuia nisizichukue.

"Hizo bado, mama. Zinaokwa kwanza."

Zinaokwa! Nikamuuliza kama ni mikate. Nawajua mafundi — "bado" yao maana yake hawajagusa. Akashika kiuno: "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikazifunga kwenye kitambaa, nikaondoka nazo. Nilitaka mdogo wangu azione leo leo. Ameziona. Kazigeuza mkononi, moja moja. Raha iliyoje!

Ijumaa, 6 Juni

Mdogo wangu kazifunga, hapa nyumbani. Usukani hauchezi hata kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Mdogo wangu kapiga simu nikiwa sokoni, anacheka. Bolti moja imekatika kichwa — gari limesimama, hakuna aliyeigusa. Pap! Kaweka ya dukani, imeingia vizuri tu. Zile tatu kaziacha, eti kwa heshima ya dada mkubwa.

Nikacheka naye. Kisha nikamwambia aniwekee kile kichwa cha bolti.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi nimerudi kwa fundi na kichwa kile cha bolti. Sikubishana. Kasema tindikali hupenyeza gesi ndani ya chuma kigumu. Kwa nje kizima, ndani kimekuwa kama kigae. Joto la tanuri ndilo huitoa, siku hiyohiyo, kwa saa kadhaa. Nikauliza: nikizileta sasa?

"Umechelewa, mama. Zitupe."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nimefika nyumbani, mlango umefungwa, pikapu haipo. Wametangulia! Napiga, hapokei. Hapokei simu akiendesha — mimi ndiye niliyemfokea mpaka akaacha. Ya Mama iko kwenye mkoba, wala haisikii. Na ule mteremko mkali wa kwenda kwake uko mbele yao.

Nimewatumia ujumbe. Naunakili hapa:

Mdogo wangu, simama. Usimalizie safari, usijaribu polepole. Weka gari pembeni, mshushe Mama. Bolti tatu za usukani ni mbovu, na aliyeziharibu ni mimi. Wewe ulikuwa sahihi. Mama, ukiusoma wewe kwanza, mshike bega. Mwambie asimame sasa hivi.