Mungu Hakujaza Tanuri Vibaya

Mama Leokadia, mke wangu,

Nina miaka sabini na minne, ukipenda sema sabini na sita, maana siku niliyozaliwa hakuna aliyekuwa na kalamu. Nimempita Mjerumani, nimempita Mwingereza, nimepita nzige na ndui, nimewapita wayeyusha chuma wenzangu wote. Na wewe nimekupita, jambo ambalo sikuliomba.

Barua hii naiandika mwenyewe. Herufi zinapanda na kushuka kama njia ya Mpui, lakini ni zangu.

Unajua mimi nilikuwa nani. Ufipa nzima hapakuwa na mtu wa kujenga ilungu kama langu, tanuri refu kupita watu wawili, lisilohitaji mivukuto, linavuta upepo lenyewe. Siku za kazi tulilala mbali na wake zetu, ndiyo miiko, nawe ukanifungia chakula ukisema, "Nenda, mke mwenzangu wa udongo asikungoje." Nikirudi na chuma ulijifanya hunijui.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, malungu yakabaki kule kilimani, na sisi wazee tukapelekwa darasa la watu wazima. Tulikaa benchi moja, wewe na mimi. Mwalimu Tumaini, binti wa Mbeya, akachora dunia kwa chaki na kusema huko ndani mawe yana moto kushinda tanuri lolote, ila mengi hayayeyuki, kwa sababu ya mgandamizo.

Nilisimama. "Mwalimu, nimeyeyusha mawe mama yako hajazaliwa. Jiwe la chini lisipoiva, fundi amejaza tanuri kupita kiasi, hewa haipiti. Sasa unasema Mungu hajui kujaza tanuri?"

Darasa likacheka. Wewe ukanivuta shati. "Kaa chini, Baba Leokadia. Tanuri lako halikubeba dunia kichwani."

Sikukaa. Nilitoka, sikurudi. Wewe uliendelea misimu miwili, ukirudi na chaki vidoleni, na kila mara ukiniuliza, "Umekubali?" Nami, "Bado." Hata hospitali pale Sumbawanga uliniuliza. Nikasema bado, nikidhani tutarudi nyumbani wote wawili. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Nilirudi peke yangu.

Baada ya mavuno ya ulezi ikaja barua ya Leokadia kutoka Mpanda. Ilikaa siku tisa juu ya kinu, haina msomaji. Kumpa jirani niliona aibu. Basi nikaenda darasani, nijifunze kuisoma mwenyewe.

"Shikamoo, baba," akasema Mwalimu, kama vile nilitoka jana. Nikamwambia, "Marahaba. Nieleze tena yale ya mawe. Polepole."

Hakuchora. Aliwaambia watu wajibane kwenye benchi, mimi katikati, mpaka kiwiko kikashindwa kusogea. Akasema jiwe likitaka kuyeyuka, chembe zake zinataka nafasi ya kupishana. Huko chini uzito wa dunia unazibana kila upande, kwa hiyo moto unaotosha huku juu kule hautoshi. Ndani kabisa, alisema, kuna chuma. Chuma, mama! Cha nje kimeyeyuka, cha katikati kina moto zaidi na bado ni kigumu, kwa kubanwa tu. Miaka yote nilidhani anasema habari ya hewa.

"Na jiwe la moto likipanda juu," akasema, "mzigo unapungua, linayeyuka hata bila kuongezewa moto. Ndivyo ulivyozaliwa mlima wetu wa Rungwe." Akawaambia watu wainuke.

Wakainuka wote mara moja. Mimi nikabaki benchini peke yangu. Tangu mazishi yako hakuna bega lililokuwa limegusa langu.

Nyumbani nina nafasi tele. Kitanda kizima changu, moto mzima wangu, naota upande ninaotaka. Sikujua nafasi ni kitu kibaya hivi.

Nimekubali, mama. Ulikuwa sahihi tangu siku ile, na mimi nilikuwa bingwa wa tanuri tu. Ningekuambia pale hospitali, ungefurahi, na nisingepungukiwa na kitu.

Watu husema mzee yule hajawahi kulia. Mwenye kutaka ukweli amuulize Mwalimu Tumaini, au Mama Yustina aliyekuwa amebanwa nami pale benchini, upande wa kuume. Waliona wote wawili, na watakalosema ni kweli.

Mimi mumeo,
Baba Leokadia