Mchumba Wangu Anachora Miale Isiyokuwepo

Mpendwa Shangazi, naomba msaada, tena unifanyie haraka maana Jumamosi wazee wake wanakuja kwetu kuleta posa na mama ameshaanza kufua mapazia. Mchumba wangu anafundisha fizikia kama mimi, shule moja, yeye ana darasa lake na mimi langu, na wanafunzi wanamwita Chaki kwa sababu hata akivaa suti mgongo unakuwa mweupe, lakini nampenda hivyo hivyo. Sasa juzi tulibadilishana mitihani ya majaribio ili tusahihishiane, nikakuta darasa lake lote limekosea lenzi inayotawanya miale, kosa lile lile kama walioambukizana surua, yaani ile mistari ya kurudi nyuma hadi kwenye fokasi, pale miale inapoonekana kana kwamba imetokea, ambayo mwanga haupiti kabisa na ndiyo maana huchorwa kwa vidoti, wao wameichora mizima na kuitia mishale, halafu wakaandika bila aibu kwamba taswira ni halisi na inanaswa kwenye skrini! Nikakata maksi pale pale ofisini, walimu wenzetu wakiona. Chaki kuingia ofisini akavimba mbele ya walimu wote, "Mstari ni mstari! Unanivua nguo kwa ajili ya vidoti?" Anataka nirudishe maksi, la sivyo Jumamosi hakuna mtu kuja. Mama anasema mwanamke mwenye busara humezea, dada yangu anauliza nimeze nini, lenzi? Na mtihani wenyewe wa mwisho uko mlangoni, watoto wale wataandika yale yale. Nifanyeje?

Mwenye Kalamu Nyekundu

Mwenye Kalamu Nyekundu, pole. Nilipoanza kusoma nilidhani umemfumania na mhudumu wa maktaba. Kumbe vidoti! Nimecheka hadi mhariri akaja kuchungulia.

Kisha nikavua miwani yangu ya kuonea mbali, ambayo nayo hutawanya miale, nikaishika kati ya dirisha na karatasi. Sogeza mbele, rudisha nyuma, sikunasa kitu ila kivuli cha miwani. Nikaazima lenzi ya kukuzia ya mhariri, dirisha likatua kwenye karatasi kichwa chini miguu juu. Basi haki iko kwako, hata mimi nisiyejua fizikia nimeiona.

Lakini na wewe! Mtu unayetaka kuzeeka naye, ulishindwa kumvuta pembeni ukamnong'oneza kabla ya kumwaga wino mwekundu mbele ya walimu wenye midomo? Hapo ulimkosea. Muombe radhi, ila usimuombe radhi kwa maksi. Watoto hawakutuma mtu awaingize kwenye uchumba wenu. Na mama yako mheshimu, msaidie kuanika mapazia, ushauri wake uache kwenye kamba.

Kesho mpelekee Chaki miwani kama yangu na karatasi nyeupe, mkiwa wawili na mlango umefungwa. Mwambie anase taswira. Muache ahangaike, na ole wako useme "si nilikuambia." Kisha aende darasani mwenyewe.

Akisimama mbele ya wanafunzi wake akasema, "Nilikosea, futeni, tuchore upya," huyo ni mume, tundikeni mapazia. Akirudi na wimbo wake wa mstari ni mstari, mtangulie wewe: watumie wazee wake salamu za heshima, waambie Jumamosi wapumzike nyumbani kwao.