Jiwe la Wajina

Kwako mdogo wangu, bibi mpya,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si ukirukaruka na mjukuu kama msichana. Magoti yako hayajambo? Yangu yamenuna. Kilicho kizima kwangu ni ulimi tu, na huo unaujua.

Barua yako nimeipata. Unasema mwanao amejifungua mtoto wa kiume na mmempa jina langu. Nilicheka, kisha nikaketi palepale kwenye vumbi la karakana, patasi mkononi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikijigamba kwamba jina langu limedaka mipira ya timu ya taifa, limehukumu majambazi, limeimba redioni, mimi nikabaki nalo kuchonga mawe ya makaburi? Wajina wangu hao watatu wamekufa, na mawe yao yote yametoka kwangu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sikuyachonga kwa ajili yao.

Mwaka ule kifua kiliponibana, daktari akanitazama kama mtu anayeaga, niliamua kujichongea jiwe langu mwenyewe, maana wanangu wangenichagulia baya. Niliweka jina tupu, bila tarehe. Nilipomaliza herufi ya mwisho kifua kikaachia, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kesho yake akaja mjane wa golikipa. Akalipapasa lile jina, akaniuliza nimejuaje kwamba mumewe amekufa jana. Nikamwambia oda zangu hutoka mbali. Mjinga mimi, nilidhani natania.

Kifua kikabana tena, nikachonga jingine. Kikaachia. Wakaja watoto wa jaji.

Mara ya tatu, mdogo wangu, nilikuwa najua. Yule mwimbaji uliyemlilia wiki nzima, ukaniandikia kwamba redio imekuwa bubu: siku ile nilichonga polepole, huku napiga mluzi wimbo wake.

Wiki iliyopita kifua kilirudi. Nikakumbuka yupo bado daktari wa macho, wajina wangu, kizee cha miaka tisini. Nikasema huyo ameona ya kutosha. Nikalaza jiwe. Ilikuwa imebaki herufi moja, pumzi imeshaanza kuwa tamu, ndipo mleta barua akagonga mlango na barua yako. Na jiwe halichagui kati ya kizee na kichanga; linajua jina tu.

Sitakudanganya kwamba niliamua papo hapo. Nilikaa na jiwe hilo siku mbili, patasi nikaishika mara nne. Leo asubuhi nimelivunja kwa nyundo kubwa mpaka likawa kokoto.

Mbadilishieni mtoto jina leo, kabla hamjala. Mpeni la babu yake wa upande wa pili, hata kama mzee mwenyewe anakoroma kama trekta.

Nisalimie mzazi, na yule jirani yako mwenye mdomo. Kifua kimenibana tangu nilipoiweka nyundo chini, ndiyo maana mwandiko unayumba. Usilie. Hiyo ndiyo habari njema ya barua hii.

Ni mimi kaka yako, mchonga mawe. Jina nimeliacha makusudi.