Masizi ya Kibuyu

Jumatatu, 3 Februari
Mama mkwe alipoondoka kwenda sokoni kuuza maziwa nilishika kijiko tena. Nikakwangua ndani ya kibuyu chake cha maziwa, yale masizi yanayobaki akikifukiza kwa kuni. Matamu kuliko nyama. Nimesukutua mara tatu, meno bado meusi pembeni. Mwalimu mzima, mimba ya miezi minne, nalamba masizi. Naandika Kiswahili kwa kuwa mama mkwe hakisomi, na mume yuko Dadaab na lori lake la maji.

Jumatano, 5 Februari
Kliniki. Nesi ameangalia damu. "Mama, damu iko chini. Unakula udongo ama mawe?" Nikasema hapana. Si uongo kamili. Ni uongo.

Kwetu tamaa ya mimba ina jina, wallac, na mwenye mimba hanyimwi kitu. Dada yangu aliomba ini la ngamia, mji mzima ukalitafuta. Hiyo ni tamaa ya heshima. Yangu nitaitamka vipi?

Ijumaa, 7 Februari
Mume amekuja. Akauliza nataka nini. Nikasema ini. Akaleta kilo nzima. Nikala mbele yake, nikatapika yote. Akafurahi, eti huyo ni mtoto wa kiume. Nilimwona mjinga, kisha nikajichukia.

Jumatatu, 10 Februari
Maziwa yameharibika. Wateja watatu wamerudisha. Kila jioni mama mkwe humimina kibuyuni maziwa ya ngamia anayotumiwa na Habiba wa Modogashe. Moshi ndio huyahifadhi hadi asubuhi, anapoyamimina kwenye mtungi wa kwenda nao sokoni. Na moshi nimeula mimi. Mama mkwe anasema Habiba ameanza kutia maji. Nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua uso.

Jumanne, 11 Februari
Yameharibika tena. Amempigia Habiba simu mbele yangu, kwa spika kama kawaida yake. "Maziwa yako yana maji. Usiniletee tena." Habiba akaapa kwa Mungu. Mama mkwe akakata. Habiba ni mjane, hapa Garissa hana mnunuzi mwingine. Baada ya hapo nilikwenda jikoni nikakwangua tena. Sina haya.

Alhamisi, 13 Februari
Nimesema. Nilianza, nikakwama, nikaenda kuleta kijiko. Mama mkwe alikitazama. Akatia mkono kibuyuni, akapapasa. Vidole vikatoka safi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akanipa simu.

"Mwambie wewe."

Nikamwambia Habiba.

"Ungeomba tu, mwanangu. Nani anamnyima mwenye mimba masizi?"

Nililia kama mtoto. Mama mkwe akachukua simu, akamwomba msamaha, akamwomba alete maziwa kama zamani. Habiba akasema mimi amenisamehe. Mama mkwe akauliza, na yeye je? "Niliapa wallahi, na bado ukanikatia simu." Miaka kumi na nane wanafanya biashara pamoja. Amesema atafikiri.

Jumamosi, 15 Februari
Gari la maziwa kutoka Modogashe limefika. Maziwa yetu hayamo. Mama mkwe hakwenda sokoni. Tumeswali adhuhuri pamoja, tukanywa chai ya rangi. Hakulitaja jina la Habiba.

Alasiri amekifukiza kibuyu kitupu, akakiweka karibu nami, akatoka nje. Harufu imejaa chumba. Sijakigusa. Bado nataka.