Siku ya Kwanza: Kupumzika

Mama,

Nimefuta kile chumba. Naanza na hilo kwa sababu ungeliuliza kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Jana nikiwa ofisini hapa Kisii nilibonyeza mara moja tu kwenye kompyuta na chumba kikarudi kwa wenyewe huko Japani, kile cha chini kisicho na ngazi, chenye mlango unaotazama mto na ile miti ya maua. Tulikitafuta miezi minne, mimi na wewe na miwani yako iliyofungwa uzi. Kukifuta hakukuchukua hata muda wa kikombe cha chai.

Nakuandikia Kiswahili kama nilivyokuandikia nikiwa shule ya bweni. Nyumbani tulisema Ekegusii chetu, lakini barua uliitaka ya Kiswahili, ukisema macho yako yamezoea Kiswahili cha Biblia. Basi soma polepole. Haraka yangu ndiyo iliyotuharibia.

Miezi saba sasa tangu tukuzike kando ya migomba. Udongo umeshuka upande wa chini na sijaleta mtu wa kuurekebisha. Nyaboke jirani ndiye anayechuma chai yako, na anachuma vibaya, anatia majani makubwa kwenye kikapu mchana kweupe, wewe ungemfukuza. Kuku wamehamia kwake wenyewe, hawakungoja kuambiwa. Nyumba nimeifunga. Nikija nyumbani Nyamira sikai, nasimama pale kwako, nageuka narudi kwangu Nyanchwa. Na Jumamosi wakianza kuimba kanisani huku mlimani, nafunga dirisha. Sijaingia kanisani tangu mazishi. Nitakuambia kwa nini, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lile daftari lako la lesoni, masomo yako ya Sabato, ninalo. Katikati, baada ya maswali ya kanisa, kuna ule mpango wa safari yetu ya pili kwa mwandiko wako wa kulala: "Siku ya kwanza: kupumzika. Siku ya pili: kupumzika tena. Siku ya tatu: kwenda kuangalia kama maua yamefunguka. Kama bado, kurudi kupumzika." Nilikucheka sana. Nilikuambia, Mama, hii ni safari au ni ugonjwa? Ukanijibu kwamba safari ya kwanza uliifanya kwa miguu yangu, hii utaifanya kwa yako.

Na ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Ile ya kwanza, mteja mmoja alijiondoa kwenye kikundi chetu cha watalii, mkubwa wangu akasema nijaze kiti, na wewe ulikuwa na pasipoti ya ile safari ya kwaya ya Tanzania. Siku nane, miji mitano. Mimi mbele na kijibendera changu, wageni nyuma, na wewe nyuma ya wageni na mkoba wako wa kanisani, ukiomba radhi kwa kila mtu aliyekupita. Maua uliyaona dirishani, rangi tu inapita. Uliporudi, Nyaboke alikuuliza Japani kukoje, ukamwambia, "Nimeona kisogo cha Kemunto." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Siku ya kushuka na kusimama chini ya miti ilikuwa moja tu katika ratiba yote, na iliangukia Jumamosi. Mimi niliijua hiyo ratiba tangu nyumbani, Mama. Niliiona tarehe nikanyamaza, nikafikiri ukifika huko utalegea. Wee, ulegee wewe! Ijumaa jua lilipoanza kushuka ulikuwa umeshaoga, umekunja nguo, umefungua kitabu cha nyimbo. Nilikuambia nyumbani bado ni saa sita mchana, watu wako shambani. Ukasema, "Jua ni la Mungu, Kemunto, si la Nyamira." Asubuhi nikakuomba tena. Ukakataa kupanda basi, ukakataa kulipa kiingilio siku ya Sabato, ukanishika mkono ukaniambia nikae nawe tusome lesoni.

Nikasema, "Kaa na Sabato yako." Nikatoka. Mlango niliuacha ujigonge.

Mchana ikanyesha mvua, jioni ukaja upepo, na uliposema amina ya kufunga Sabato ukaniuliza kama sasa tunaweza kwenda, maua yote yalikuwa chini yamekanyagwa. Jumapili alfajiri tukaondoka.

Lakini kabla ya hapo uliniuliza swali. Ulikuwa umeketi kitandani na sweta yangu magotini. "Yalikuwaje?" Nikaona aibu, Mama. Nikakujibu sikuingia. Nikasema nilibaki ndani ya basi na mabegi ya watu, kwamba nilifikiria maneno yako nikashindwa kushuka. Ilikuwa ni kusema tu, ili uso wako usiwe vile ulivyokuwa. Ukanishika kichwa na mikono yote miwili. Ukasema, "Basi hata wewe hujayaona. Tutayaona pamoja, mara ya kwanza sisi wote."

Hapo ndipo safari ya pili ilipozaliwa. Kwenye uongo wangu.

Niliingia, Mama. Nilikuwa wa kwanza kupita mlangoni. Watu walikuwa wametandika mikeka chini ya miti, wamevua viatu na kuvipanga pembeni kama kwenye ibada ya nyumbani. Kulikuwa na mama mzee wa umri wako, mfupi hivi, aliyeniona nimesimama peke yangu. Akapigapiga mkeka kwa kiganja, kaa, kaa. Nikavua viatu nikakaa. Akanimiminia chai yao ya kijani, haina maziwa, haina sukari, ungeitemea migombani. Nikainywa. Akanichagulia mkate wa mchele wenye rangi ya maua akaniwekea mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake, vile ulivyokuwa ukinifungia sadaka nikiwa mdogo. Tulikaa saa nzima, maua yakituangukia kichwani na kwenye vikombe. Yalikuwa mazuri. Mazuri kabisa, Mama, sitakudanganya tena. Na kwa saa nzima hiyo sikukukumbuka hata kidogo. Nilikaa na mama wa watu, wangu yuko hotelini peke yake anaimba. Picha nilizipiga nyingi, nikazifuta zote chooni kabla ya kupanda chumbani kwako.

Ningekuambia tukirudi. Nilipanga hivyo kwenye ndege. Lakini ulifika Nyamira, na Sabato ya kwanza ukasimama ukatoa ushuhuda: mwanangu alikuwa mlangoni kwa maua ya Japani, akabaki ndani ya basi kwa ajili ya Bwana. Baada ya hapo ningeanzia wapi? Nikaona dawa ni kukurudisha. Nikasema tukifika kwenye ile miti, ukikaa chini yake ukashiba kuitazama, nitakuambia, na utanisamehe kwa sababu utakuwa umefurahi.

Basi tukapanga kweli. Siku kumi na nne mahali pamoja, Sabato mbili, ili hata mvua ikila moja ibaki nyingine. Chumba karibu na mto ili uende kwa miguu yako bila kumlipa mtu. "Kuyatazama Sabato si dhambi," ulisema, "dhambi ni kulipa getini." Ukaacha kupanda bodaboda kwenda kanisani, ukatembea ule mlima wote na goti lako bovu, ukisema unajizoeza. Nyaboke anasema ile Jumatano ya mwisho ulikuwa umetoka kutembea. Ulikuwa jikoni unakoroga uji wa wimbi ulipoanguka. Mimi nilikuwa ofisini nauliza bei ya kiti cha dirishani. Nilipofika hospitali walikuwa wameshakufunika.

Kwenye mazishi, mzee wa kanisa alisimama mbele ya hema lote akasimulia habari ya basi. Akaniita, nikasimama. Watu wakasema amina, wengine wakalia, na wewe uko pale mbele yangu kwenye sanduku, umevaa ile nguo nyeupe. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Mwezi uliopita alinipigia tena, anataka nizungumze na vijana kuhusu kuitunza Sabato. Nikamwambia nina mafua.

Kuna wanaoniambia nipande mti wa namna ile kaburini pako. Hauwezi kuchanua kwetu, baridi yetu haitoshi. Nilishauliza.

Wengine wanasema niende kwenye hicho chumba peke yangu, nikae siku zako kumi na nne. Nitakaa hapo nifanye nini? Ile mara ya kwanza uliyoitaka, mimi niliitumia zamani, na mtu mwingine. Hata ungekuwa hai nisingekuwa nayo ya kukupa. Hilo ndilo linaloniamsha.

Lakini Japani naenda. Wiki ijayo, kwa kazi. Kikundi kipya, bendera ile ile, siku nane, miji mitano. Siku ya maua imeangukia Jumamosi tena. Ningeweza kuomba ibadilishwe. Sikuomba. Nitawapeleka mpaka mlangoni, nitawapa tiketi zao, nitawaambia saa ya kurudi. Kisha nitapanda basi tena, nikae kiti cha nyuma ya dereva na mabegi yao, na pazia nitalifunga. Daftari lako la lesoni nitakuwa nalo. Najua imechelewa na haimsaidii mtu yeyote. Wewe hutajua, na Mungu sijui kama bado ananihesabu.

Basi lala, Mama. Siku ya kwanza ni ya kupumzika, na ya pili ni ya kupumzika tena. Ya tatu usiamke kuangalia.

Jumamosi hiyo nitabaki ndani ya basi. Safari hii nitabaki kweli.

Kemunto wako