Sangara wa Mama

S.L.P. 87,
Musoma.
19 Juni, 1994.

Mpendwa mdogo wangu Yunusu,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Dar es Salaam? Fatu hajambo? Na mtoto ameshaanza kutambaa? Sisi wazima, kasoro mama. Homa imemwachia, lakini wiki mbili nzima hakutaka kuonja chakula. Niliogopa sana, sikufichi.

Barua yako niliisoma mara mbili. Unasema magazeti yameandika kwamba samaki wa ziwa letu wanaiingizia nchi fedha nyingi za kigeni, na unauliza kama tumeshaezeka bati. Umenichekesha, bwana karani. Sangara anawekwa kwenye barafu anapanda ndege. Bati letu bado liko njiani.

Usinione mtu wa kulalamika tu. Zile foleni za sabuni zimekwisha, maduka yamejaa, na jirani yetu Dorkas amepata kazi ya kukata minofu kiwandani. Ila mnofu anaoukata hauonji. Sisi tunabakiziwa mapanki, kichwa na mifupa yake, nayo ndiyo ninayokaanga sokoni. Unakumbuka baba alivyokuwa akiwekewa kichwa cha samaki kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba? Siku hizi mji mzima tumekuwa wakubwa, hata wanaonyonya.

Sasa sikiliza. Shemeji yako Hamduni anavua kwa nyavu za wakala wa kiwanda, kwa sharti kwamba kila sangara aende kwa wakala. Jumanne mama akasema roho yake inataka samaki mwenye nyama. Nilimwambia Hamduni. Kesho yake asubuhi akarudi na sangara wa kilo nne, kamfunika kwa koti la mvua. Kabla ya adhuhuri wakala alishapata habari, akaja akachukua nyavu zake. Nililia, Yunusu. Hamduni akaniambia nisisahau ndimu kwenye mchuzi.

Mama alikaa kitako kwa mara ya kwanza tangu augue. Nikamwekea mnofu mtupu. Akaisukuma sahani, akataka kichwa, akakifyonza chote mpaka macho.

"Kichwa kinaliwaga na mkubwa," akasema. "Mnofu ni wa watoto. Na Yunusu je, siyo mtoto?"

Basi fungu lako nimelibanika. Kasmiri, dereva wa lori aliyekupa barua hii, ndiye pia aliyebeba kifurushi. Hamduni amerudia ndoano, kama baba zamani, na mama sasa anakula.

Mamdogo Mwanaupe wa Bunda anakusalimu sana, na Dorkas pia. Mungu awafunike kwa rehema zake. Samaki huyo mle wote, na mtoto mwonjeshe japo kidogo, ajue kwamba samaki wa kwao ana nyama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Mwamvita